Mablanketi Matatu Juu ya Kiti

Mama mkwe alikuja kutoka Kilolo mwezi wa sita, siku ambayo ukungu ulilala Kihesa, mtaa wetu hapa Iringa mjini, mpaka saa nne asubuhi. Kwetu mkwe husalimiwa kwa goti, hilo halina mjadala. Nikatoka jikoni mbio, nikafuta mikono kwenye khanga, nikapiga goti pale kibarazani. "Kamwene, mama. Shikamoo." Kushuka, goti la kulia lilishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikogoma.

"Marahaba, mwanangu. Inuka basi, sakafu ina baridi."

Sikuinuka. Nikatabasamu, nikaulizia shamba, nikaulizia mbuzi, nikaulizia jirani yake aliyekuwa mgonjwa, nikivuta muda goti linionee huruma. Bibi wa watu akaelewa. Akanipa mkono anivute, naye magoti yake mabovu kuliko yangu, tukabaki tumeshikana kama watu wanaovuka mto uliojaa, haijulikani nani anamwokoa mwenzake. Mume wangu ndiye aliyekuja kutunusuru, akicheka mpaka akakaa chini.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47, na wakati ule nilikuwa na kilo 78. Goti nililiharibu mwenyewe. Mwezi wa nne niliona gauni nililojishonea kwa ajili ya Krismasi halifungi zipu, nikaona aibu ya fundi kushindwa na nguo yake, nikafungua video za mazoezi kwenye simu. Kijana wa kwenye video alikuwa anaruka. Anaruka akifungua miguu, anaruka akichuchumaa, anajitupa chini na kuinuka kwa kuruka. Nikaona mbona haya nayajua, ni mchakamchaka na kichura tulivyofanyishwa shuleni, ila kwa muziki wa kizungu. Nilichosahau ni kwamba enzi za kichura nilikuwa na kilo 40 na uwanja ulikuwa wa majani. Sasa nilikuwa sebuleni kwangu, sakafu ya saruji, kandambili miguuni. Siku ya tatu goti lilivimba kama andazi.

Duka la dawa nililokwenda waliniuzia vidonge vya maumivu, muuzaji akanipa na maelezo ya bure: mafuta ya goti yameisha, magoti yanasagana, acha kutembea-tembea. Nikaacha. Wiki tano nikawa mtu wa kiti, nashona nimekaa, napika nimekaa. Maumivu yalipungua. Lakini jioni moja nilichukua futi yangu ya kupimia nguo nikajipima mapaja, mazoea tu ya kazi. Kushoto sentimita 58. Kulia 56. Nikarudia mara tatu nikidhani futi imevutika. Paja zima lilikuwa limepungua sentimita mbili, na sikuwa nimekonda popote pengine.

Hizo sentimita mbili ndizo zilizonipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Alikuwa binti mdogo, labda rika la mwanangu wa kwanza, akaniita mama muda wote huku akinikemea. Hakuanza na goti. Alinionyesha kiti akasema, "Mama, kaa." Nikakaa. "Inuka. Kaa tena, usishike popote." Nikakaa tena. Akauliza kama nimesikia. Nisikie nini? "Hiyo *pu*. Mama hukai, unaanguka. Kiti ndicho kinachokudaka."

Ukitaka kuelewa mazoezi yasiyoumiza viungo, anza na hiyo *pu*. Kuinuka, misuli ya mbele ya paja inajikunja na kukunyanyua. Kukaa, misuli ileile inatakiwa ikuachie taratibu, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani kwa kamba. Ukiiachia kamba ndoo itafika chini tu, lakini itafika kwa kishindo, na kishindo hicho kinapokelewa na goti, nyonga na kiuno. Tunaolia magoti wengi wetu kamba imetuponyoka siku nyingi.

Kuhusu mafuta kuisha, alinieleza hivi, na nimekuja kuona ndivyo. Mwisho wa mfupa, pale unapokutana na mwenzake, kuna gegedu, kitu laini kinachoteleza. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na linakipata kama sponji: ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linafyonza. Usipokanyaga halifyonzi. Kwa hiyo wiki zangu tano za kukaa nilikuwa nalinyima chakula nikidhani nalipumzisha. Na kule kuruka kwa video kulikuwa kulilisha mtu kwa kumtupia sahani usoni.

Hapo nchini kwetu kuna neno linalotuharibia. Tunasema *baridi yabisi*. Lugha yenyewe imeshatoa hukumu: ni baridi, na ni ukavu. Mtu wa Iringa au Makete, anayeamka mwezi wa saba akaona umande umeganda shambani, utamwambia nini? Anajifunika, anakaa jikoni, anasubiri mwezi wa tisa. Sikatai kwamba asubuhi ya baridi kiungo kinakuwa kigumu, mimi mwenyewe vidole hugoma kushika sindano. Lakini magoti yanauma Dar es Salaam pia, kwenye joto la kuvua shati. Uzito, umri, ajali za zamani, misuli iliyolegea, hayo hayaulizi hali ya hewa.

Sasa mama mkwe. Alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho, akakaa mpaka mwezi wa tisa. Ana miaka 71. Siku za mwanzo niliona kitu sikukitilia maanani: ikifika magharibi hanywi chai. Unamwekea kikombe, anakizungusha mkononi, anakirudisha. Nilidhani chai yangu haina majani ya kutosha, maana kwao Kilolo chai inanywewa kwelikweli. Wiki ya pili nilimkuta saa nane usiku uani, ameshika ukuta wa choo, anahema. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. "Kushuka nashuka, mwanangu," akaniambia, kama mtu anayekiri dhambi. "Kuinuka ndiyo kazi. Nikinywa chai usiku nitalala huku."

Kesho yake nilimwambia mume wangu amwite fundi apige bomba ukutani, la kushika. Shilingi chache, nusu siku. Naliweka hilo mbele ya zoezi lolote, kwa sababu mtu anaweza kuanguka leo akisubiri misuli ya mwezi ujao. Kisha nikamwuliza mama kama angependa tufanye mazoezi pamoja. Akacheka sana. Mazoezi ni ya askari, alisema. Basi nikaacha neno mazoezi, nikasema tujifunze kuinuka.

Alijaribu kuinuka kwenye kiti cha mbao cha mezani bila mikono, akashindwa. Kuna kipimo kinachotumiwa kwa wazee: unahesabu mtu anainuka na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akiwa chini ya mara 10, yuko chini ya wastani na hatari ya kuanguka inaongezeka. Anayelazimika kutumia mikono anaandikiwa sifuri. Sikumwambia habari ya sifuri. Nilikwenda chumbani nikachukua mablanketi matatu, yale mazito, nikayakunja kila moja unene wa vidole vinne, nikayapanga juu ya kiti. Kiti nikakisukuma kikagusa ukuta. Akakaa juu kama chifu. Nikamwambia asogee mbele kidogo, miguu aivute nyuma usawa wa magoti, pua aipeleke mbele ya vidole vya miguu, ainuke. Akainuka. Mikono hakuitumia.

Alinitazama kama nimefanya kiini macho. Hakuna kiini macho. Kiti kikiwa juu, goti linakunjika kidogo, na goti lisilokunjika sana halibebi sana. Hata nguo ndivyo tunavyofanya: mteja akinenepa humtukani, unaachia mshono. Kila baada ya wiki tatu hivi tulikuwa tunatoa blanketi moja, na kwa kuwa ilikuwa kipindi cha baridi kali, blanketi linalotoka kwenye kiti lilihamia kitandani kwake. Alisema ndiyo mazoezi pekee duniani ambayo ukiyaweza unalipwa blanketi.

Kushuka tulihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, makalio yaguse kiti bila kelele. Mjukuu wake wa darasa la tatu akawa mwamuzi: akisikia *pu*, haihesabiwi. Mara tano, pumzika, mara tano tena. Siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku tunaruka moja, kwa sababu misuli hujengeka ikipumzika.

Nieleze na hili neno "mazoezi yasiyo na kishindo", kwa sababu watu hudhani ni mazoezi ya wagonjwa. Maana yake ni rahisi: wakati wote mguu mmoja uwe chini. Basi. Unaweza kutokwa jasho, unaweza kuhema, unaweza kubeba mzigo, ila usiruke hewani ukaja kutua. Kutembea haraka papo hapo huku unarusha ngumi hewani dakika kumi, mguu mmoja chini muda wote, kutakutoa jasho Iringa mwezi wa saba. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo penyewe.

Ya kwangu mimi yalikuwa mazito kidogo kuliko ya mama. Naanza kwa kupasha mwili dakika kumi, na wakati wa baridi sifanyi alfajiri, nafanya saa tano, baada ya kudeki na kufua, mwili umeshaamka wenyewe. Kisha kiti. Kisha nalala chali mkekani, magoti nimekunja, nanyanyua makalio mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, nakaa hapo pumzi tatu, nashusha. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana goti halisikii kitu, ila makalio na nyuma ya mapaja vinawaka moto. Kazi ya fundi ni kukalia makalio siku nzima, yanalala usingizi. Yakilala, mzigo wake linabeba goti.

Lile goti bovu lilipokuwa bado na hasira nilikuwa nalikunjia taulo, nalala, naliweka chini ya goti, nalikandamiza taulo kwa nyuma ya goti sekunde tano, naachia. Unaonekana hufanyi kitu. Weka mkono juu ya paja uone lilivyokakamaa.

Kizingiti cha mlango wa nyuma kina kimo cha sentimita 15, nilikipima. Hicho ndicho ngazi yangu. Napanda mguu mmoja, nashika fremu, nashuka polepole nikitazama kwenye kioo kilichosimama mbele: goti lielekee kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani kama ndama mchanga. Goti langu lilikuwa linaangukia ndani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa miaka 47. Wakati nasubiri maji yachemke nanyanyua visigino mara 15 nimeshika meza, halafu nasimama kwa mguu mmoja. Mabega nayo, kwa sababu cherehani huyakunja, nayafanyia pushapu za ukutani. Mzigo wangu ni dumu la lita tano lililojaa maji, kilo tano na kidogo, halihitaji kwenda gimu.

Makosa tuliyoyafanya yalikuwa mengi. Siku moja nilitumia kiti cha plastiki, kikateleza, Mungu alisaidia mume wangu alikuwa nyuma. Siku nyingine nilimtaka mama aegemee ukuta kama amekaa kwenye kiti hewa, magoti yamekunjwa, nusu dakika. Alibana pumzi kwa juhudi, akasikia kizunguzungu. Ana presha, na kubana pumzi huku misuli imekaza hupandisha presha, nilitakiwa kujua. Tangu hapo kila anayeinuka anatoa pumzi, ndiyo maana tunahesabu kwa sauti, huwezi kuhesabu umebana pumzi. Na asubuhi moja nilikuta amefunga mlango na madirisha, ameingiza jiko la mkaa ndani ili "tusishikwe na baridi tukiinuka-inuka". Nililitoa jiko nje kabla ya salamu. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watu wazima wamelala, sembuse wanaohema kwa nguvu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote dukani: nikisikia maumivu niache? Yule binti wa fiziotherapia alinipa kanuni ambayo naishika mpaka leo. Yape maumivu alama kutoka sifuri hadi kumi. Mpaka tatu, endelea. Zaidi ya hapo, punguza: ongeza blanketi, punguza kimo, punguza idadi. Halafu subiri kesho asubuhi, ndiyo hakimu. Ukiamka goti liko kama jana, ulichofanya kilikufaa. Ukiamka limevimba au linauma kuliko jana, fanya nusu. Na ukiongeza, ongeza kitu kimoja tu: ama idadi, ama kimo, ama mzigo. Mimi siku moja niliongeza vyote vitatu kwa sababu nilikuwa na furaha. Nililipa siku nne.

Goti likilia *ko, ko* bila maumivu wala uvimbe, acha lilie. Lakini goti lililovimba likawa la moto na una homa, goti linalokwama katikati lisikunje wala kunyooka, mguu usioweza kukanyaga baada ya kuanguka, au viungo vya mikono pande zote mbili vinavyoamka vigumu zaidi ya saa zima kila siku, hivyo si vya mkeka na blanketi. Hospitali. Na vidonge vya maumivu vya kununua kama karanga, mwezi baada ya mwezi, muulize daktari kwanza. Vingi vinakula tumbo na figo, na mwenye presha vinamwongezea.

Kutembea je? Wanasema Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kazi ya kiasi ya mwili. Mji wetu sasa, mtu atembee wapi? Iringa imejengwa juu ya genge. Ukitoka Ipogolo kwenda mjini unapanda tu, ukirudi unashuka tu. Na hapa nimejifunza kinyume cha nilivyodhani. Nilikuwa napanda na bajaji kwa kuogopa kuhema, narudi kwa miguu kwa sababu mteremko ni rahisi. Kumbe wamewahi kupima kwa vifaa vilivyowekwa ndani ya magoti bandia: ukitembea tambarare, goti linabeba kama mara mbili na nusu ya uzito wako. Ukishuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Kwa kilo zangu 78, tambarare ni gunia mbili za mahindi kila hatua. Kushuka ni karibu gunia tatu. Siku hizi napanda kwa miguu, nashuka kwa bajaji. Dereva mmoja aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Siku nikikosa bajaji nashuka kwa hatua fupi-fupi, nikikata kona kama mbuzi. Jumamosi naenda uwanja wa mpira wa Samora, nauzunguka mara kadhaa, ndipo mahali tambarare ninapopaamini.

Kilo zimepungua nne tu, na zipu ya lile gauni imefika katikati ya mgongo ikakaa hapo. Sina haraka nayo tena. Kwa mwenye goti bovu, kila kilo moja inayopungua mwilini inapunguza kama kilo nne magotini kila hatua, kwa hiyo zangu nne ni kilo 16 kwa hatua, na hatua za siku moja sizihesabu. Paja la kulia sasa ni sentimita 57 na nusu.

Wateja wakiniomba ratiba niwaandikie kwenye karatasi huwa nasita. Kuna mama alikuja na goti lililooperesheniwa, mwingine ana mimba ya miezi saba, mwingine ni kijana wa bodaboda aliyeanguka. Hata gauni siwezi kuwakatia wote kwa kipimo kimoja. Huwa nawaambia wakae kwenye kiti cha dukani, nisikilize.

Mwisho wa mwezi wa nane blanketi la tatu lilitoka. Mama alihesabiwa sekunde 30 kwenye kiti kitupu, mjukuu ameshika simu: mara nane. Chini ya kumi bado. Magoti yake yanauma bado, hasa kukiwa na mvua, na bomba la chooni bado analishika.

Usiku ule tulikaa jikoni mpaka saa tatu. Nikammiminia chai kwa mazoea, nikijua itarudi. Akainywa. Akaweka kikombe mezani, akakisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Ongeza, mwanangu. Na hii majani uweke ya kutosha."